Maswali ya Wasomaji: Uzi, paka na dhoruba za masika

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Kilwa Masoko. Mimi ni mama mtu mzima, na riziki yangu naipata kwa kufuma seti za watoto wachanga, yaani sweta, kofia na soksi, ambazo wateja wangu wengi huagiza kutoka Njombe na Makete kwenye baridi. Nyumba yangu iko karibu na bahari. Kila masika uzi unashika harufu ya ukungu na sindano zinaota kutu, na paka wangu wawili hawaachi kuyachezea madonge. Juzi mmoja alimeza kipande cha uzi. Jirani akasema ncha ikionekana niivute kwa mkono, na mume wangu anataka paka wote wagawiwe. Tena tangu Kimbunga Hidaya, nikisikia tangazo la upepo mkali sijui nianzie wapi. Nifanye nini?
Mfumaji, Kilwa Masoko

JIBU: Mama yangu, niruhusu nianze na paka, kwa maana uzi ukiharibika hununuliwa mwingine.

Ulimi wa paka umejaa vijiba vigumu vilivyoelekea kooni, kwa hiyo uzi ukishanasa hapo ni vigumu mno kuutema, naye huendelea kuumeza. Mara nyingine ncha moja hujizungusha chini ya ulimi huku nyingine ikiteremka hadi tumboni, na kwa kuwa utumbo hauachi kusukuma ilhali uzi umekaza, utumbo wenyewe hujikusanya mikunjo mikunjo kama kiuno cha suruali kilichovutwa kamba, na mwishowe uzi unaweza kuupasua. Ndiyo sababu ushauri wa jirani, ingawa umetolewa kwa nia njema, nakusihi usiufuate: uzi unaoonekana mdomoni au unaoning'inia nyuma hauvutwi kamwe. Mwangalie paka huyo kwa siku kadhaa. Akila vizuri, akicheza na akipata choo, huenda uzi ukatoka wenyewe. Lakini akitapika, akigoma kula au akijikunyata pembeni, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa mara nyingi dawa yake huwa ni upasuaji.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mambo unayoyalalamikia, yaani ukungu, kutu, paka na upepo, kwa sehemu kubwa yanatibiwa na chombo kimoja: ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Toboa tundu dogo katikati ya mfuniko, ulilainishe kingo zake kwa msasa ili lisikwaruze uzi, kisha utie donge ndani na kupitisha ncha tunduni. Donge litazunguka humo ndani unapofuma, na paka hatakuwa na cha kukimbiza. Unapoinuka, hata kama ni kwenda kuepua chungu tu, kazi yote pamoja na sindano iingie kwenye ndoo ya pili isiyo na tundu, na vipande unavyokata uvitupe papo hapo mahali penye kifuniko.

Lakini ndoo inayobana hutunza pia unyevu uliomo ndani, na uzi uliofungiwa ukiwa na majimaji utaota ukungu haraka kuliko ulioachwa wazi. Upepee kwanza kivulini siku ya jua, si baada ya mvua, ndipo uufungie pamoja na vipande vya mkaa mkavu vilivyofungwa kwenye kitambaa. Usitumie chumvi kama wafanyavyo wengine, kwani chumvi huvuta maji na kuyeyuka. Chumvi hiyo hiyo inayoletwa na upepo wa bahari ndiyo inayoharakisha kutu ya sindano zako za chuma. Za mianzi au alumini zitakufaa zaidi.

Aina ya uzi nayo ina neno lake. Sufu inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake bila mkono kuhisi kwamba imelowa, hivyo usiuamini mkono wako. Ipe muda mrefu wa kukauka. Pamba hushambuliwa na ukungu kwa urahisi. Akriliki hainywi maji mengi na ukungu hauipendi, ila haivumilii pasi ya moto. Sweta iliyokwisha kunuka ipigwe brashi nje ya nyumba, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha ilazwe juu ya taulo, kwa kuwa ikianikwa kwenye kamba huvutika na kupoteza umbo. Dawa ya kung'arisha yenye klorini usiiguse kabisa kwenye sufu, maana huila.

Kuhusu dhoruba, hofu yako ina msingi. Pwani yetu iko karibu na ikweta na vimbunga ni nadra, lakini vikija huja hasa mwishoni mwa masika: kile kilichobomoa Zanzibar na kuangusha mikarafuu ya Unguja kilipiga Aprili 1872, na Hidaya ilifika karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024. Basi Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, waingize paka ndani kabla upepo haujaanza, kwa sababu paka aliyeshtuka hujificha mahali usipoweza kumfikia. Wape chumba kisicho na dirisha bovu, pamoja na maji, chakula na boksi lenye mchanga. Ndoo za uzi zipandishe juu ya kabati, na oda zilizokamilika zitume mapema. Baada ya Hidaya barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, na mizigo ikakwama.

Mume wako mwambie kwa upole kwamba paka wakiondoka, panya watakuja, na panya hutafuna uzi ili atandike kiota chake. Mimi ningewabakiza. Ila kabla ya masika yajayo mtafute afisa mifugo wa kata yenu, uchukue namba yake ya simu, na umuulize ni daktari gani aliye karibu anayeweza kumpasua paka.