Binti wa PCM na ada ya uhandisi

SWALI: Shikamoo. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na amepata daraja la kwanza. Anataka uhandisi wa umeme. Baba yake alifariki, mimi nauza vitenge Mbagala. Nianzie wapi? – Mama, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mpe huyo binti hongera zangu.

Kwanza ulizia Ufadhili wa Samia. Ulianza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Huo si mkopo, haurudishwi. Lakini usiufanye tegemeo pekee, ushindani ni mkali. Aombe na mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, dirisha likifunguliwa. Cheti chake cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, mapema, leo kuliko kesho! Mwanangu wa pili alikwama hapo hapo, tukahangaika wiki nzima.

Chuo chagua cha serikali. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni kuzuri, ila kutoka Mbagala ni mbali, atahitaji bweni. DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ipo mjini kabisa, makutano ya barabara za Morogoro na Bibi Titi. Anaweza kulala nyumbani akapanda daladala, na hela ya chumba ikabaki mfukoni. Mimi ningeitanguliza DIT.

Chuo binafsi kikikuahidi punguzo kwa alama zake, dai barua inayosema ni la miaka yote minne. Na dalali wa kujaza fomu usimpe hata senti.