Craig Mack na wimbo wake mmoja

Mkuu, unasema rapa wa Marekani Craig Mack ni mtu wa wimbo mmoja tu; hapana, hakuanza wala kuishia na "Flava in Ya Ear". Mwaka 1988 alishatoa singo kwa jina la MC EZ, kisha akazunguka na kundi la rap la EPMD kama msaidizi kwenye ziara zao. "Flava in Ya Ear" ilitoka 1994, mdundo ni wa prodyuza Easy Mo Bee, ikafika namba 9 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, na kupata platinamu, yaani mauzo ya nakala milioni moja. Ndiyo iliyoifungulia njia Bad Boy, lebo ya Puff Daddy iliyoitoa. Albamu yake, Project: Funk da World, ilitoka Septemba 20, wiki moja tu baada ya albamu ya Ready to Die ya Biggie, rapa mwenzake wa Bad Boy, na hapo ndipo alipofunikwa. Inaniuma mpaka leo, maana sauti ile nzito haikuwa na mfano.

Nasema hivi kwa sababu kanda yake tuliisikiliza hapa Mwanza, kule Kirumba, mpaka utepe ukaanza kukwaruza, na upande wa pili ulikuwa mtamu vilevile. Wengi wanaijua rimiksi tu ya "Flava in Ya Ear", ile yenye Biggie, LL Cool J, Busta Rhymes na Rampage.

Ila ukihesabu nyimbo zilizoingia kumi bora ya chati hiyo peke yake, uko sahihi, ni huo mmoja. "Get Down" iliishia namba 38. Albamu ya pili, Operation: Get Down, aliitoa 1997 akiwa nje ya Bad Boy, haikuvuma. Baadaye aliacha muziki, akaingia kwenye jumuiya ya kidini South Carolina. Alifariki Machi 12, 2018.