Umekabidhiwa repositori ya maktaba ya sheria? Soma hii kabla hujaanza kupakia

Wakuu, hii ni kwa nyie mliokabidhiwa juzijuzi repositori ya kitivo cha sheria, yaani ghala la mtandaoni la kuhifadhi makala na kazi za wahadhiri. Wengi mnapewa paswedi ya DSpace au EPrints, zile programu za kuendeshea repositori, mnaambiwa makala za wahadhiri ziko kwenye flashi, zipakieni, basi. Mimi nasema tulia kwanza. Kinachonukuliwa kwenye sheria kinaenda kuwa hoja mbele ya jaji au kwenye tasnifu ya mtu, na anayesoma lazima aweze kurudi akikute kitu kilekile, maneno yaleyale, ukurasa uleule. Ukilishika hilo mengine yote utayaelewa haraka.

Tuanze na linki. Mwaka 2014 Zittrain, Albert na Lessig wa Harvard walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwenye hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani nusu ya linki zilizonukuliwa hazimfikishi tena msomaji kwenye kile jaji alichokisoma, na kwenye Harvard Law Review na majarida mengine waliyoyaangalia ilikuwa zaidi ya asilimia 70. Hao ni majaji wa ngazi ya juu kabisa! Halafu shida sio tu linki inayokufa, kuna ile inayofunguka vizuri ila kilichomo ndani kimeshabadilishwa, hiyo ni mbaya zaidi maana msomaji hata hajui. Ndio sababu ilizaliwa huduma ya Perma.cc mwaka 2013, inahifadhi nakala ya ukurasa kama ulivyokuwa siku uliponukuliwa. Kwa hiyo kwenye repositori yako usimpe mtu anwani uliyoikopi juu ya brauza, mpe anwani ya kudumu, iwe Handle au DOI, yaani namba maalumu ya kazi ambayo haibadiliki hata faili likihamishwa. Na anwani ya kudumu haijidumishi yenyewe jamani, siku chuo kinabadilisha seva au domeni lazima kuna mtu aingie asasishe inapoelekeza, kwa hiyo waulize watu wa Tehama mapema mtu huyo ni nani, jina lake liandikwe mahali.

La pili ni toleo, na hapa naomba tukae kidogo maana ndipo wakutubi wapya wanapochanganywa sana. Makala moja ina maisha matatu: rasimu kabla ya mapitio ya wataalamu wenzake, toleo lililokubaliwa baada ya mapitio, na lile lililochapishwa jaridani likiwa na namba zake za kurasa. Wachapishaji wengi wanakuruhusu kuweka lile la katikati, sio lile lililochapishwa, tena pengine baada ya miezi kadhaa ya zuio. Sasa mwanasheria ananukuu kwa ukurasa, akichukua namba za kurasa za toleo la katikati nukuu yake imeshapotea. Weka ukurasa wa mbele kwenye kila faili useme wazi hili ni toleo gani, na lililochapishwa linapatikana jarida gani, juzuu gani, ukurasa wa ngapi. Mhadhiri akikuletea PDF ya mchapishaji akasema "hii ni kazi yangu, weka tu", mwombe kwa heshima mkataba aliosaini, maana inawezekana hakimiliki alishaihamisha na hakumbuki. Usimuogope kwa kuwa ni profesa wa sheria, ukimwonyesha kifungu atakuelewa kuliko mtu yeyote.

Metadata sasa, yaani maelezo yanayoitambulisha kazi kama jina, mwandishi na tarehe. Dublin Core, mfumo unaotumika sana kupanga maelezo hayo, ina vipengele 15 na haikutengenezwa kwa ajili ya wanasheria, hutakuta sehemu ya namba ya kesi wala ya jina la mahakama. Ila kile kipengele cha upeo (Coverage), maelezo yake rasmi yanaruhusu kabisa kuweka mamlaka ya kisheria, yaani nchi au eneo ambalo sheria hiyo inatumika, kitumieni, wengi wanakiacha wazi. Tarehe ya hukumu kutolewa na tarehe uliyopakia zisichanganywe kamwe. Majina ya waandishi wapeni ORCID, ile namba yenye tarakimu 16 inayomtambulisha mwandishi mmoja asichanganywe na mwingine, utaokoa muda mwingi.

Mkiskani sheria za zamani msiamini matini inayotolewa na kompyuta bila kuisoma. Kwenye fani nyingine herufi ikikosewa ni usumbufu tu, kwetu silabi moja ya kukanusha ikidondoka, kilichokatazwa kinakuwa kimeruhusiwa. Angalieni namba za vifungu kwa macho, namba moja na herufi l zinafanana mno. Hifadhini kwa PDF/A, aina ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi muda mrefu.

Kama mnaweka na hukumu, fikirieni watu waliotajwa ndani, watoto, wahanga, wagonjwa. AustLII ya Australia na CanLII ya Kanada, tovuti zinazotoa sheria na hukumu bure, kwa miaka mingi wamezuia injini za utafutaji kuorodhesha hukumu zao, hukumu iko wazi kwa anayefanya utafiti ila haitokei kila mtu anapoandika jina la jirani yake. Mimi naona huo ni uamuzi wa kiungwana na mnaweza kuuiga, zungumzeni na watu wa Tehama.

Kuhusu kuwapata wahadhiri, usitegemee wapakie wenyewe, hawatapakia. Chukua CV zao, wewe ndio uangalie haki, wewe ndio upakie, halafu kila baada ya muda mtumie kila mmoja idadi ya waliodaunlodi kazi yake. Akishaona inasomwa atakuletea nyingine bila kuombwa.

Na kama uongozi unataka kununua huduma badala ya kuendesha programu huria, ulizeni swali la kutoka kabla ya kuingia. SSRN, tovuti ya kuwekea rasimu za makala, ilinunuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2016, mwaka uliofuata Elsevier hiyohiyo ikainunua na bepress, wenye huduma ya repositori ya Digital Commons, na maktaba nyingi za sheria zilikuwa zimeweka kazi zao huko. Dai ndani ya mkataba kwamba mtapewa faili zote pamoja na metadata yake kwenye muundo unaosomeka na programu nyingine, na anwani za kudumu zitaendelea kuelekeza mtakakohamia, kisha ombeni mfano wa data hiyo muijaribu wenyewe kabla hamjasaini.