Kengele Ilifungwa Upande Uliopooza

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja anayeishi Dallas, Texas. Baba yake, mzee wa miaka 81, yumo katika makao ya wazee tangu Januari, naye amemkuta na michubuko ya zambarau kwenye sehemu ya juu ya mikono yote miwili, kati ya kiwiko na bega. Wahudumu wamemwambia kwamba mzee hujigonga kitandani. Dada huyo aliniuliza atajuaje kama anaambiwa ukweli, na je, akilalamika, baba yake hatafukuzwa? Nilimjibu kwa kifupi usiku uleule, lakini maswali yake yamenirudisha mahali ambapo nilidhani nimekwisha kutoka. Kwa hiyo namjibu tena, yeye pamoja na wote ambao wazazi wao wako mikononi mwa watu wengine katika nchi hii ya Marekani.

Mama yangu alitoka Tanga mwaka 2006 akaja Houston kunisaidia kulea watoto, na alilea watatu. Mwaka 2021 alipata kiharusi kilichompooza upande wote wa kushoto na kumwondolea Kiingereza kidogo alichokuwa nacho. Mimi mwenyewe nilikuwa mhudumu wa wagonjwa kwa zamu za saa 12, mume wangu alikuwa safarini na lori, na hospitali ilitupa siku mbili za kuamua. Tulimpeleka katika makao yaliyo karibu na nyumbani, nikatia saini rundo la karatasi nikiwa nimesimama. Kwetu mzazi hapelekwi kwa watu. Mama mdogo alinipigia simu kutoka Tanga akaniuliza kama nimekosa hata chumba cha stoo cha kumlaza dada yake. Aibu ile ndiyo iliyonifunga mdomo, kwa sababu nilijiambia kwamba aliyemtoa mama yake nyumbani hana uso wa kwenda kudai huduma bora.

Jambo la kwanza nililoliona ni kengele. Waya wa kengele ya kumwita muuguzi ulikuwa umezungushwa mara tatu kwenye chuma cha kitanda upande wa kushoto, upande ambao Mama hakuweza kunyanyua hata kidole. Niliufungua nikauweka kulia, juu ya kanga yake. Kesho yake nikaukuta kushoto tena. Bilauri ya maji ilikuwa mezani karibu na dirisha, imejaa hadi juu, na midomo ya Mama imekauka hadi kupasuka. Kwa majuma matatu nilirudisha kengele ile kulia kila jioni bila kumwambia mtu neno lolote, kana kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Mama alisema mwenyewe. "Wananiburura, mwanangu. Mguu unaniwaka moto." Nilipomfasiria muuguzi, alinijibu kwamba wagonjwa wa kiharusi huchanganyikiwa, na mimi, mwenye miaka tisa katika kazi hiyohiyo, nikakubali. Siku ya nne baada ya jibu hilo nilijaribu kumvua soksi ya mguu wa kushoto, ikagoma. Ilikuwa imegandamana na kisigino. Nilipoilowesha kwa maji ya uvuguvugu iliachia, nikaona duara jeusi, gumu kama ngozi ya ngoma, upana wa kifuniko cha soda, na ukingo wake umelainika na kutoa harufu. Kidonda cha namna ile hakitokei kwa usiku mmoja. Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa chache na visigino vyake huinuliwa visiguse godoro. Jambo hili kila mhudumu hufundishwa tangu mwanzo wa mafunzo, na mimi nilifundishwa.

Dada, usisubiri hadi uone soksi iliyogandamana. Unyanyasaji katika makao haya mara nyingi hauji na kofi. Huja kama kengele isiyofikika, kama uzito unaopungua, kama nepi iliyolowa tangu asubuhi. Michubuko ya mzee anayejigonga huonekana zaidi magotini, kwenye miundi na nyuma ya viganja, ilhali ile ya kushikwa kwa nguvu mara nyingi hukaa sehemu ya juu ya mikono, kama ulivyoiona kwa baba yako, na pengine huacha alama za vidole. Ni kweli kwamba dawa za kuyeyusha damu huwafanya wazee wavilie damu upesi, na ndiyo maana unahitaji daktari wa nje ya makao amtazame na aandike alichokiona. Mchunguze pia kama amekuwa wa kulala mchana kutwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 iliyorekebisha makao ya wazee inakataza kumfunga mkazi, au kumlewesha kwa dawa, kwa ajili ya kuwarahisishia wahudumu kazi. Piga picha, andika tarehe na saa, andika jina la aliyekuwa zamu.

Kuhusu kufukuzwa, sheria inampa mkazi haki ya kulalamika bila kulipiziwa kisasi, na kwa kawaida makao hayawezi kumtoa bila notisi ya maandishi ya siku 30 yenye mojawapo ya sababu chache zilizotajwa na sheria. Kila jimbo lina mtetezi wa haki za wakazi wa makao hayo, na huduma yake ni bure. Wa kwetu alifika, akafunga mlango, akazungumza na Mama kupitia mkalimani kwenye simu, na kwa mara ya kwanza maneno ya Mama yaliandikwa kama alivyoyasema. Malalamiko rasmi niliyapeleka kwa tume ya afya na huduma za jamii ya Texas, ambayo hutuma wakaguzi bila taarifa. Mzee akipigwa au kuumizwa vibaya, hata hivyo, mtoto wake hasubiri mkaguzi: anapiga 911, namba ya dharura.

Kisha niliomba kumbukumbu za matibabu. Mkazi au mwakilishi wake wa kisheria ana haki ya kuziona ndani ya saa 24, ukiacha wikiendi na sikukuu, na kununua nakala kwa taarifa ya siku mbili za kazi. Niliweza kuziomba kwa sababu Mama alikuwa amenipa hati ya uwakilishi kabla hajaugua. Mwenye mzazi mwenye akili timamu leo aitafute hati hiyo leo. Katika fomu ya kugeuza mgonjwa nilikuta imeandikwa kwamba Mama aligeuzwa kitandani saa nane na saa kumi alasiri, siku ambayo saa hizo nilikuwa naye kliniki ya macho. Karatasi ile moja ndiyo iliyobeba shauri letu.

Mawakili wawili walilikataa. Walinieleza kwa upole kwamba tangu mwaka 2003 Texas imeweka kikomo cha fidia ya maumivu, dola 250,000 kwa taasisi moja katika mashauri mengi, na kwamba mzee asiye na mshahara hana kipato cha kudai. Nililia ndani ya gari. Wa tatu alikubali kwa makubaliano ya kulipwa sehemu ya fidia endapo tutashinda, lakini aligundua kwamba katika zile karatasi nilizozitia saini nikiwa nimesimama kulikuwa na mkataba wa usuluhishi, uliotuondolea haki ya kwenda mahakamani. Kanuni ya mwaka 2019 inayakataza makao kuufanya mkataba huo sharti la kumpokea mgonjwa, na inampa aliyetia saini siku 30 za kuufuta. Sikujua, na siku zangu zilikuwa zimepita. Tulimaliza kwa mapatano ambayo hayaniruhusu kutaja jina la makao wala kiasi cha fedha. Hakuna aliyetuomba radhi hadi leo. Mama alifariki mwaka 2023 katika chumba cha wanangu, kisigino kikiwa kimepona.

Nawaambia pia wenzangu tunaofanya kazi hizi, maana tuko wengi: tangu mwaka 2010 sheria inatulazimu kuripoti tunaposhuku kwamba mkazi ametendewa uhalifu, ndani ya saa mbili ikiwa ameumia vibaya na saa 24 katika hali nyingine. Mzee wa kitanda cha jirani ni mzazi wa mtu. Usitie saini kwenye fomu ya jambo ambalo hukulifanya.

Dada yangu, muda wa kufungua shauri Texas kwa kawaida ni miaka miwili tangu tukio, na kabla ya kulifungua wakili lazima atoe notisi ya siku 60, tena atahitaji mtaalamu wa kuandika ripoti, kwa hiyo usimwendee katika mwezi wa mwisho. Kesho nenda saa ya chakula cha jioni bila kutoa taarifa. Funga mlango, muulize baba kwa lugha yake, na lolote atakalosema liandike kama alivyolisema, hata ukidhani amechanganyikiwa.