Kabla hujang'oa geji ya Land Rover

Wadogo zangu mnaoanza ufundi umeme wa magari hapa Tanga, mtaletewa Land Rover kuukuu, nyingine zimezeekea kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza na Korogwe, na mwenyewe atakwambia, "Fundi, geji imekufa." Usikimbilie bisibisi. Geji yenyewe mara nyingi ni nzima.

Kwanza tazama: imegoma moja au zote mbili? Kwenye Land Rover toleo la Series III, geji ya mafuta na ya joto zinakula umeme wa stabilaiza moja, kikopo kidogo nyuma ya dashibodi chenye herufi B umeme unapoingia na I unapotokea. Ndani mna kibati kinachopata moto, kikajikunja na kukata umeme. Kikipoa kinaunga tena. Kukata na kuunga huko ndiko kunakozipa geji wastani wa volti 10, hata chaji ikifika 14. Kwa hiyo usishtuke multimita ya dijitali ikirukaruka pale kwenye I. Hofu ni pale inapoganda kwenye 12.

Zote mbili zikilala, anza na fyuzi, kisha stabilaiza. Zote zikisoma juu kupita kiasi, shuku ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Stabilaiza inapata ethi kupitia kikopo chake, na kwa hewa hii ya chumvi, kutu kidogo chini ya skrubu inatosha kuikosesha. Chomoa betri, piga msasa hadi bati ling'ae, kaza. Watu wametoa themostati, wakanunua na rejeta, kwa ajili ya mshale uliopandishwa na skrubu yenye kutu! Na pesa ya spea hairudi.

Ikigoma ya mafuta peke yake, nenda kwenye tangi. Land Rover fupi inalo chini ya kiti cha mbele kulia. Swichi ikiwa imezimwa, chomoa waya wa sensa, kile kifaa cha tangini kinachopima mafuta; ukiwasha, mshale ubaki chini. Zima, funga waya huo kwenye bodi safi, ndipo uwashe tena. Fuata mpangilio huo huo, maana cheche na petroli havikai nyumba moja. Mshale utapanda polepole, kwa kuwa geji hizi nazo zinaendeshwa na joto. Ukifika juu zima upesi, usije ukaunguza geji nzima.

Ukipanda, geji na waya havina kosa. Kosa liko kwenye sensa au ethi ya tangi, hasa tangi likiwa limepakwa rangi juzijuzi. Vuta waya wa muda kutoka mwili wa sensa hadi kwenye chesisi uone. Usipopanda, fuata waya kurudi kwenye dashibodi.

Sensa ikitoka, itikise floti, boya lake linaloelea kwenye mafuta: ukisikia mafuta ndani, imetoboka. Kisha ipandishe taratibu huku ukipima omu, yaani ukinzani wake, kwa multimita. Zishuke bila kukatika njiani. Wakati wa kurudisha weka gasketi mpya, la sivyo mteja atarudi analalamikia harufu ya petroli.