Jibu: Kwa nini PLA yenye unga wa mkaa bado inalegea kwenye maji ya moto

Ndugu, umeuliza kwa nini kikombe chako cha PLA (plastiki inayotengenezwa kwa mimea kama mahindi) kililegea kwenye maji ya moto ilhali umekichanganya na mkaa wa mimea, ambao wenyewe hustahimili joto kali. Ni kweli mkaa hauyeyuki, lakini kinacholegea ni plastiki inayouzunguka. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, ingawa kuyeyuka kabisa ni kwenye 150 hadi 180, na unga wa mkaa hausogezi sana hiyo 60.

Msaada wa mkaa uko kwingine, na hapa ndipo ningekuomba ukazie macho. Chembe zake huwa vituo ambapo minyororo ya molekuli za plastiki hujipanga na kuunda fuwele, yaani sehemu ngumu zenye mpangilio. PLA huunda fuwele polepole mno. Ukiipoza haraka kwenye kalibu, hazipati nafasi. Jaribu kukipasha kikombe kwenye nyuzi 100 hadi 120 kikiwa bado ndani ya kalibu, kisha ndipo ukipoze. Fuwele zikiwa nyingi, hakitalegea kirahisi hata kikipita 60.

Jambo jingine, kausha vizuri mkaa na plastiki kabla ya kuyeyusha. Mkaa hunyonya unyevu hewani, na maji kwenye joto hilo hukata minyororo ya PLA. Majivu yaliyomo kwenye mkaa nayo yana madini, kama potasiamu, yanayoweza kuharakisha kuvunjika huko, kwa hiyo mimi ningechagua mkaa wenye majivu machache.

Je, ulikipoza kwa maji au kwa hewa?