Mwachie Daftari Ukiwa Bado Upo

Jumapili iliyopita, katika mtaa wetu, binti niliyemfundisha kuandika daftari la sadaka aliingizwa kazini kuwa mzee wa kanisa, naye ndiye mdogo kuliko wote waliosimama mbele ya madhabahu siku hiyo. Sitaficha furaha yangu. Baada ya ibada, mnada wa ndizi na mayai ukiendelea nje, vijana wawili walinifuata wakaniuliza mtu afanye nini ili akue katika uongozi. Kelele za mnada hazikuniruhusu kuwajibu vizuri, kwa hiyo nawajibu hapa.

Nilipokuwa mwenyekiti wa vijana niliona kwamba kijana anayetumwa kupanga viti na kubeba spika kila wiki, bila kuulizwa neno, hadumu. Ndiyo maana binti huyu nilimpa daftari, kalamu na kiti mezani wakati sadaka inahesabiwa. Wazee walihesabu noti, yeye akaandika. Siku moja jumla yake ikapishana na ya wazee, wakataka afute aandike ya kwao. Nikakataa mpaka fedha zihesabiwe upya, na hesabu yake ndiyo iliyokuwa sahihi. Tangu hapo hakuna aliyemwita mtoto pale mezani.

Someni Kutoka sura ya 18. Yethro alipomwona mkwewe Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, hakumshauri atafute wa kumbebea mizigo. Alimshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, wenye ruhusa ya kuamua mashauri madogo wao wenyewe. Wahubiri wengi hulitumia neno hili kuwahurumia viongozi waliochoka. Mimi naona linawakemea wanaong'ang'ania funguo.

Hayo nayasema nikiwa na kidonda changu. Uongozi wangu wa vijana ulikoma kwa tangazo lililosomwa ibadani, likitaja jina la mrithi wangu, wala hakuna aliyeniita kabla yake, hata kwa neno la asante. Linaniuma mpaka leo. Hata hivyo kazi haikuyumba, kwa kuwa daftari, funguo za stoo na ratiba ya mazoezi vilikuwa tayari mikononi mwa vijana wenyewe, na walioendelea kubisha hodi kwangu kutafuta ushauri hawakufuata cheo.

Ndugu zangu, tuache kulilia vyeo! Barnaba alimpeleka Sauli, ndiye Paulo, kwa mitume wakati wanafunzi wote wakimwogopa, akamfuata tena mpaka Tarso na kumleta Antiokia, ingawa baadaye jina la Paulo lilivuma kuliko lake. Kisha akatengana na Paulo huyohuyo kwa ajili ya Marko, kijana aliyekwisha kuonekana hafai; na ni Paulo aliyekuja kumwandikia Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Nani kati yetu yuko tayari kumwinua mtu atakayempita?

Basi mwachie kijana kazi unayoipenda, maana ile inayokuchosha kila kiongozi huigawa kwa furaha. Tamka mbele ya wazee kwamba yeye ndiye mwenye kauli juu ya kazi hiyo. Jumapili inayofuata keti viti vya nyuma, na hata akianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, usinyanyuke kumrekebisha.